Kisu kinaniponyoka mkononi: jibu kwa mkulima wa Tandahimba

Swali: "Habari za kazi, mwanangu daktari. Mimi ni mkulima wa korosho hapa Tandahimba, nina miaka 63, na ndiye mtunza ghala wa chama chetu cha msingi. Tangu msimu wa juzi mkono wangu wa kulia umepungua nguvu. Kisu changu cha kukunja, ambacho natembea nacho mfukoni tangu ujana, sasa nakifungua kwa meno. Mwezi uliopita nilikuwa natoboa gunia, kikajifunga chenyewe na kunikata kidole cha shahada. Funguo za ghala zinanidondoka. Kufuli mpaka nimwite kijana. Usiku naamka mkono umekufa ganzi, nikiukung'uta kidogo unarudi. Mjukuu wangu amezoea kunifungulia kila kitu, na kwa kweli naona haya. Je, ndiyo uzee umefika? Ninunue kisu kingine, au nitafute dawa? Wengine wananishauri niwe nafinya mpira wa tenisi."

Shikamoo mzee wangu, na pole sana kwa kidole. Kwanza niweke jambo moja sawa: mimi si daktari. Kazi yangu ni utengamao, yaani kumrudishia mtu matumizi ya viungo vyake baada ya ugonjwa, ajali au umri, na sehemu kubwa ya wanaonijia hapa Mtwara wanakuja kwa ajili ya mikono. Mikono ya huku nimeizoea: ya wabangua korosho, ya wavuvi wa Msangamkuu, ya wachonga vinyago, ya akina mama wa shamba. Kwa hiyo swali lako limenigusa, na nitalijibu kwa kirefu.

Nianze na sentensi uliyoipitia haraka: usiku mkono unakufa ganzi, ukiukung'uta unarudi. Kwangu mimi hiyo ndiyo habari kubwa katika barua yako, kubwa kuliko kisu na kuliko kufuli. Uzee hauamshi mtu usiku akung'ute mkono. Kinachomwamsha mara nyingi ni mshipa wa fahamu uliobanwa kwenye kifundo cha mkono.

Mahali kiganja kinapoungana na mkono, upande wa ndani, kuna mfereji mwembamba. Chini na pembeni umejengwa kwa mifupa, juu umefunikwa na utepe mgumu usiovutika. Ndani yake zinapita kano 9 zinazokunja vidole, na pamoja nazo mshipa mmoja wa fahamu. Kano zikivimba hata kidogo, au kifundo kikikaa kimekunjwa kwa muda mrefu, nafasi inakwisha, na kinachoumia kwanza ni ule mshipa. Tukilala tunakunja vifundo bila kujua, ndiyo maana ganzi huja usiku. Mshipa huo ndio unaopeleka hisia kwenye dole gumba, kidole cha shahada, cha kati na nusu ya kidole cha pete. Ndio pia unaoamrisha kile kilima cha nyama kilicho chini ya dole gumba, na bila kilima hicho hakuna kufungua kisu wala kuzungusha ufunguo.

Hebu tuhakikishe. Keti, kutanisha migongo ya mikono yako mbele ya kifua, vidole vielekee chini, vifundo vikunjike vizuri. Kaa hivyo dakika moja kamili. Kama ganzi au sindano zinaanza kuchoma kwenye vidole vitatu vya mwanzo, tumekaribia jibu. Halafu weka viganja vyote viwili juu ya meza vikitazama juu, mkabidhi mjukuu tochi, atazame vile vilima viwili vya chini ya madole gumba. Vimelingana? Kama cha kulia kimesinyaa, kimekuwa bapa au kina bonde, usisubiri msimu uishe. Msuli ukishasinyaa sana haurudi wote hata mshipa ukifunguliwa.

Sasa kuhusu uzee, maana uliuliza moja kwa moja. Ni kweli nguvu ya kushika hupungua. Huwa kileleni kati ya miaka ya ishirini na kitu hadi kukaribia arobaini, kisha baada ya hamsini hushuka taratibu. Tunaipima kwa kifaa cha kufinya kinachosoma kwa kilo. Mwaka 2019 jopo la wataalamu wa Ulaya liliweka mpaka: mwanaume akifinya chini ya kilo 27, au mwanamke chini ya kilo 16, hapo tuanze kuwa na wasiwasi na misuli ya mwili mzima, si ya mkono pekee. Lakini umri huja pole pole, hugusa mikono yote miwili, na hauleti ganzi. Wewe umeniambia mkono mmoja, misimu miwili, na ganzi. Umri unaweza kuwa umechangia, ila sitaki uutwishe mzigo wote halafu ukae nyumbani.

Kuna kitu kingine hukukitaja, nami nitakikisia kwa sababu najua korosho. Je, ni wewe unayepuliza salfa, ule unga wa kukinga mikorosho na ukungu? Kuanzia miezi ya Mei na Juni wakulima wengi huku wanabeba bomba la mota mgongoni, saa nyingi kila asubuhi, mkono mmoja umekaza mpini unaotetemeka. Mtetemo wa mashine ukichanganywa na kukaza mkono ni adui mkubwa wa ule mshipa. Kama ndiwe unayepuliza, msimu ujao kazi hiyo mpe mwingine, au mpokezane kila baada ya nusu saa, na mkono ulioshika usikazwe kuliko inavyohitajika. Ongeza na mambo ya palizi, kupogoa matawi baada ya mavuno, kushona magunia. Mkono wako umefanya kazi, mzee wangu.

Zipo sababu nyingine ambazo lazima nizitaje, ili mtu mwingine asome hapa asidhani kila mkono dhaifu una habari hiyo hiyo. Kama ganzi iko kwenye kidole cha mwisho na nusu ya kidole cha pete, mshipa mwingine unahusika, ule unaopita nyuma ya kiwiko, pale panapopigwa na ukingo wa meza ukaruka. Jaribio lake ni hili: shika karatasi kati ya dole gumba na ubavu wa kidole cha shahada, mwenzako aivute. Ncha ya dole gumba ikijikunja kwa nguvu ili kuing'ang'ania, mshipa huo ni dhaifu. Na hapa kusini siwezi kuutaja mshipa wa kiwiko bila kutaja ukoma. Ugonjwa huu haujaisha, na wagonjwa wapya bado wanapatikana katika mikoa yetu. Baka kwenye ngozi lisilosikia unyoya wala sindano, pamoja na vidole vya mwisho vinavyoanza kujikunja, ni sababu ya kwenda kituo cha afya wiki hiyo hiyo. Dawa zake ni bure, zinatibu kabisa, na ukiwahi vidole havipotei. Nasema hivi kwa uzito kwa sababu nimewashika mikono watu waliochelewa kwa kuogopa jina la ugonjwa.

Kisukari nacho hubana na kuchakaza mishipa ya fahamu, hivyo ukifika hospitali omba kipimo cha sukari hata kama hujisikii kuumwa. Maumivu kwenye shina la dole gumba, hasa kwa akina mama, mara nyingi ni kiungo kilicholika: ukibana kitu kwa ncha za vidole, kiungo cha shina hubeba mzigo mara kumi na zaidi ya ule ulioko kwenye ncha, ndiyo maana kitu kidogo kama ufunguo kinauma kuliko ndoo. Na udhaifu uliokuja ghafla, asubuhi mzima jioni mkono hauna nguvu, mdomo umepinda au maneno yanakwama, huo ni kiharusi mpaka ithibitishwe vinginevyo. Hapo usisome ushauri wa mtu yeyote, tafuta usafiri. Mikono yote miwili ikilegea huku miguu inakuwa mizito na kuyumba, shingo ndiyo ichunguzwe.

Turudi kwako. Wakati unasubiri kwenda hospitali, kuna jambo moja unaweza kuanza usiku wa leo: laza kifundo cha mkono kikiwa kimenyooka. Duka la vifaa tiba likiwa na bandeji ngumu ya kifundo, nunua. Lisipokuwepo, chukua kibao chepesi bapa, urefu wa kutoka katikati ya mkono hadi katikati ya kiganja, kifunge kitambaa laini chote, kiweke upande wa kiganja, zungushia bandeji bila kukaza. Vidole viwe huru, na asubuhi visiwe vimevimba wala kubadilika rangi. Fanya hivyo kila usiku kwa wiki 6. Watu wengi wenye hali kama yako huanza kulala vizuri ndani ya wiki chache. Isipotosha, hospitalini kuna sindano ya kupunguza uvimbe ambayo huleta nafuu ya muda, na kuna upasuaji mdogo wa kuukata ule utepe ili mfereji upanuke. Baada ya upasuaji ganzi ya usiku huwa ya kwanza kuondoka. Nguvu inarudi taratibu, kwa miezi. Vidonge vya maumivu vya dukani, hasa diklofenaki ambayo watu wa huku wanaimeza kama karanga, havifungui mfereji, na vikizoeleka vinaumiza tumbo na figo na kupandisha presha. Tafadhali usiishi kwavyo.

Sasa kisu.

Kabla hujaendelea kusoma, fanya jambo moja. Kunja kifundo cha mkono hadi kiganja kielekee ndani kabisa, halafu jaribu kukaza ngumi. Haikazi, sivyo? Sasa inua kifundo kidogo, kama mtu aliyeshika usukani wa baiskeli, kaza tena. Mkono ni ule ule, mshipa ni ule ule, nguvu imebadilika. Kano za mgongo wa mkono zikivutika sana, zile za ndani hazina tena pa kuvutia. Nikiwapa wagonjwa kisu au kopo wafungue mbele yangu, karibu wote hukivuta karibu na tumbo, viwiko vimebana mbavu, vifundo vimekunjwa. Wanafanya kazi ngumu kwa mkono uliokwisha kunyang'anywa nguvu. Weka kisu juu ya meza au juu ya paja, nyoosha mikono mbele kidogo, vifundo viinuke. Hilo peke yake litakushangaza.

La pili ni utelezi. Tukizeeka ngozi ya kiganja hukauka, haina tena ule unyevu mdogo uliokuwa unashika. Kitu kikiteleza, ubongo huamrisha mkono ukaze zaidi, na mkono unachoka kabla kazi haijaanza. Kwako kuna vumbi la magunia na unga wa salfa juu yake. Futa kiganja kwa kitambaa chenye unyevu kabla ya kushika kisu. Kisha tafuta mpira wa ndani wa baiskeli uliochakaa, omba kwa fundi wa pancha, hawezi kukunyima. Kata vipande viwili. Kimoja, mraba wa ukubwa wa noti iliyokunjwa mara mbili, kiwe mfukoni siku zote: ndicho utakachobania wembe wa kisu unapoufungua, badala ya ukucha. Kile kijipango cha ukucha kilichochongwa kwenye wembe kilitengenezwa kwa ajili ya kidole chenye nguvu, na kwa mtu mwenye ganzi hakifai. Ukibana wembe kwa mpira, ubavu mzima wa dole gumba na wa kidole cha shahada vinafanya kazi pamoja. Usitumie meno tena, nakusihi. Jino linavunjika, na kisu kikifunguka ghafla kiko karibu na jicho.

Kipande cha pili kiwe utepe mrefu wa upana wa dole gumba. Mpini wa kisu cha mfukoni ni mwembamba ili uingie mfukoni, lakini mkono dhaifu unataka kitu kinene, cha kipenyo cha sentimita 3 hadi 5 hivi. Zungushia utepe kwenye mpini huku unauvuta, kila mzunguko upande nusu juu ya mwenzake, bila kuziba njia ya wembe. Kitabana zaidi mfukoni, ni kweli. Kining'inize kwenye mkanda. Unaweza pia kufunga mkia wa kamba nyuma ya mpini, wa kushikiwa na vidole viwili vya mwisho. Ila usitengeneze kitanzi cha kuvaa mkononi: kisu kikikuponyoka kikiwa wazi, kitaning'inia na kukupiga kwenye mishipa ya damu. Acha kianguke, na wewe ondoa mguu.

Hukuniambia kama kisu chako kina komeo, yaani kile kinachozuia wembe usijikunje wenyewe. Kwa jinsi kilivyokukata, ama hakina, ama lipo na limejaa uchafu. Kisu kisicho na komeo kinashikiliwa na springi ya mgongoni tu. Ukikata kwa kuvuta kinatulia, lakini ukisukuma ncha, kama ulivyofanya kwenye gunia, unakilazimisha kijikunje, na vidole viko njiani. Mwenye mkono mzima anaweza kuliwahi hilo. Wewe kwa sasa huwezi, kwa hiyo kutoboa kwa kisu hicho kukome kuanzia leo.

Lakini kabla ya kukitupa, kioshe. Nadhani kisu chako kimekata mabibo zaidi ya idadi ya siku zako. Maji ya bibo yakikauka kwenye bawaba huwa kama gundi, na hewa ya chumvi ya pwani ikikutana na chuma inaleta kutu, hata huko kwenu juu hufika kwa yule anayeshuka Mtwara mara kwa mara. Nusu ya nguvu unayoikosa inaweza kuwa imefichwa humo. Kitie kwenye maji ya moto yenye sabuni, sugua bawaba kwa mswaki wa zamani, fungua na kufunga ukiwa umekishika kwa kitambaa, suuza, kianike juani hadi kikauke kabisa, kisha tia matone mawili ya mafuta ya cherehani. Mafuta ya nazi au ya kula yasiwekwe: baada ya muda yananata, unarudi ulikotoka. Halafu kinolewe. Kisu butu ndicho kinachokata watu, kwa sababu unakikandamiza, kinateleza, na mwisho wa safari yake ni mkono wa pili. Kama kunoa kwenye kinoo kunakuchosha, mpe kijana unayemwamini, mwenye subira, na mwambie anoe pande zote mbili sawasawa.

Uliuliza ununue kingine. Kwa maoni yangu, ndiyo, na kisiwe cha kukunja. Kwa kazi ya ghala na shamba nunua kisu kifupi kisichokunjika, wembe wa sentimita 8 hivi, mpini mnene wa mbao isiyong'arishwa, na fundi wa ngozi akushonee ala ya kuvaa kwenye mkanda. Hakuna cha kufungua, hakuna cha kujifunga. Ukipenda kubaki na cha kukunja, tafuta chenye komeo linalofunguliwa kwa kuvuta, kama Okapi, kile cha mpini wa mbao chenye pete ya chuma mgongoni. Kilianza kutengenezwa Ujerumani mwaka 1902 kwa ajili ya soko la Afrika, siku hizi kinatoka Afrika Kusini. Ile pete ni ndogo, ifunge kitanzi cha kamba kinachoingia kidole kizima, uvute kwa kidole badala ya kubana kwa ncha. Wakati wa kukunja kisu chochote, achia komeo, egemeza mgongo wa wembe kwenye ubao au shina la mti, kisha sukuma mpini, vidole vyote vikiwa nje ya mtaro wa mpini unapoingia wembe. Ubao ndio unaofanya kazi ya mkono wako wa pili.

Kwa uzi wa magunia nina ushauri mwingine kabisa, nao nimeurithi. Marehemu baba yangu alikuwa fundi cherehani Lindi mjini. Miaka yake ya mwisho vidole vyake vilikuwa vimevimba kwenye maungio, na bado alikuwa anashona sare za shule kila Januari. Mkasi wake mkubwa mweusi, tundu la dole gumba alilizungushia vitambaa tabaka kwa tabaka, vimekolea jasho hadi vikang'aa kama ngozi. Alikuwa hakati kwa kuunyanyua mkasi. Alilaza wembe wa chini juu ya meza, uzito wote ukabebwa na meza, kisha akawa anabonyeza kwa kiganja kizima na kuusogeza mbele. Na kwa kukata nyuzi alikuwa na kile kimkasi kidogo kisicho na matundu ya vidole, kinachojifungua chenyewe ukikiachia. Kilining'inia shingoni mwake kwa utepe wa kupimia uliochakaa. Kimkasi hicho kinauzwa popote wanapouza vifaa vya cherehani, Mtwara mjini utakipata. Kinabanwa kwa kiganja, hakina wembe wa kujikunja juu ya vidole, na uzi wa katani kinaukata ukikipa wembe ulionolewa. Kimoja kikae ghalani kimefungwa kwenye mlango, kwa hiyo hutahitaji kisu pale kabisa.

Nilikuwa msichana nilipokuwa namwangalia, na sikujua kwamba anajitibu. Leo nikimwonyesha mgonjwa jinsi ya kuiachia meza ibebe uzito, mikono ninayoiona ni ile.

Ufunguo una shida yake: kichwa chake ni kidogo mno, unakibana kwa ncha mbili za vidole na kudai zizungushe chuma. Dawa yake ni urefu. Chukua kipande cha mbao cha urefu wa kidole, kipasue mfereji kichwani, chomeka kichwa cha ufunguo, pitisha msumari au boliti kwenye tundu lake, kaza. Wachonga vinyago wana vipande vya mpingo vinavyobaki, kimoja kinatosha kwa maisha yote. Sasa unazungusha kwa kiganja. Kufuli lenyewe usilitie mafuta, maana yanashika vumbi na mchanga. Kwangua risasi ya penseli upate unga wake mweusi, pakaza kwenye ufunguo, ingiza na kutoa mara kadhaa. Kisha kata kipande cha ule mpira wa baiskeli, kiwe kama pazia la kufunika kufuli mvua isiliingie.

Kiberiti cha gesi cha gurudumu kiache, tafuta cha kubonyeza. Kikata kucha kipigilie au kigandishe juu ya kibao kizito, kisha bonyeza mkono wake kwa sehemu ya chini ya kiganja badala ya vidole. Tochi ya kuzungusha kichwa haikufai, tumia ya kitufe. Mengine utayagundua mwenyewe, maana kanuni ni ile ile: kila palipo na kubana kwa ncha, tafuta namna ya kubonyeza au kuvuta kwa kitu kikubwa zaidi.

Na mpira wa tenisi? Kwa sasa hapana. Wanaokushauri wanakutakia mema, lakini mshipa uliobanwa ukizidi kufinya kwa nguvu, kano zinazidi kuvimba ndani ya ule mfereji mwembamba na ganzi inaongezeka. Zoezi lako la wiki hizi ni laini: nyoosha vidole vyote, kisha kunja maungio ya juu peke yake kama ndoano, rudi, kisha ngumi kamili bila kukaza, rudi. Mara 10, asubuhi na jioni, kwenye maji ya uvuguvugu ukipenda. Ganzi ikishapungua, ndipo tuanze nguvu, na hata hapo mpira wa tenisi ni mgumu mno. Donge la unga wa ngano lililokandwa ni bora zaidi. Finya taratibu sekunde 3 hadi 5, achia, mara 10, siku 3 kwa wiki. Usisahau upande wa pili: zungushia vidole vyote utepe laini wa mpira unaovutika na ujaribu kuvitanua. Watu hufinya tu, na misuli ya kufungua inabaki nyuma. Nguvu za mkono pia hutembea pamoja na nguvu za mwili, kwa hiyo tembea, na kila siku kwenye sahani kuwe na mbaazi, kunde au dagaa. Korosho unazo, na wewe uzile, zisiishie mnadani zote.

Nimeacha la mjukuu hadi sasa kwa sababu nililifikiria sana. Umesema unaona haya. Sidhani kama ni haya ya kusaidiwa, maana nyumba zetu zote zinaishi kwa kusaidiana. Nadhani kinachouma ni kutoulizwa, kitu kinachukuliwa mkononi kabla hujajaribu. Mwambie hivyo. Mwambie: nikikuita njoo, nisipokuita nisubiri. Na mkabidhi kazi moja ya kweli, ya kunoa. Mfundishe kinoo kama ulivyofundishwa wewe, ukiwa umekaa pembeni yake, kisu kisichokunjika mkononi mwake.

Kuhusu kwenda hospitali: anza na hospitali ya wilaya yenu Tandahimba, ueleze habari ya ganzi ya usiku kwanza, udhaifu baadaye, kwa mpangilio huo. Wakikupa rufaa, iwe hospitali ya Ligula hapa Mtwara au ile ya Ndanda, nenda. Usiku mmoja kabla ya safari, ukiamka na ganzi, chukua kalamu na upake wino kwenye vidole vyenye ganzi, na ni vile tu. Asubuhi vitakuwa vinaonekana hata kama hisia zimerudi. Beba funguo zako pia, na kisu kikiwa kimefungwa ndani ya kitambaa, umtaarifu mlinzi getini, kisha umwombe atakayekuhudumia akuangalie unavyovishika.